Skauti Hawakufika Mbooni

Juzi nilipeleka kompyuta ya dukani kwangu kwa fundi mmoja hapa Kitui mjini, nyuma ya soko, kwa sababu ilikuwa imeanza kunguruma kama kinu cha kusaga unga. Fundi akaifungua ubavu, akashika kipulizo chake, na kabla sijajikinga vumbi la miaka likanijaa usoni. Vumbi la ndani ya kompyuta halinuki kama la barabarani. Lina harufu ya kitu kilichopikwa polepole bila maji: nywele, plastiki ya moto, wadudu waliofia karibu na taa. Nilisimama pale nimefumba macho hadi fundi akaogopa.

"Pole, madam. Imekuingia machoni?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba nimerudi Kikima, ni mtoto wa darasa la nne, na nina timu ya mpira.

Wakati huo mama yangu alikuwa akifanya kazi Kiboko, kwenye mashamba ya utafiti, akipalilia mtama na mbaazi za majaribio. Alikuwa akija nyumbani Jumamosi moja moja, miguu imevimba, nguo zikinuka moshi wa malori ya barabara kuu. Baba nilimjua kwa picha. Kwa hiyo nililelewa na Anko Musyoka, kaka yake mama, aliyekuwa na kibanda cha mabati pale Kikima sokoni, juu kwenye milima ya Mbooni. Chumba cha mbele alichaji simu za watu, akapiga picha za pasipoti na kuchapa programu za mazishi. Chumba cha nyuma kilikuwa na televisheni na gemu la mpira la kushika kwa mikono, na huko wavulana walijaa mpaka mabati yakatoa jasho. Kila siku baada ya shule nilikaa chumba cha mbele kumngoja Anko afunge, mbele ya kompyuta ya pili, moja ya zile ambazo nyinyi wa rika langu mtazikumbuka, zenye kichogo kirefu na feni inayolia kama nyuki kwenye mzinga.

Kompyuta hiyo Anko aliinunua kutoka ofisi moja iliyofungwa huko mjini Wote. Alitaka mashine ya kuchapia tu. Gemu jingine la mpira lilikuja ndani yake kama kupe anavyokuja na mbuzi. Wavulana walilijaribu siku moja wakaliacha. Ndani yake hakuna mtu wa kukimbiza wala mpira wa kupiga. Wewe ni kocha. Unachagua timu, unasoma majina, unaangalia nambari zilizo kando ya kila jina, kasi ngapi, pasi ngapi, bidii ngapi, kisha unabonyeza na kungoja vitone vya rangi vicheze kwenye kiwanja cha kijani.

"Hii ni hesabu," mmoja alisema. "Hii si mpira."

Wakarudi chumba cha nyuma. Ndivyo nilivyoachiwa. Kitu kizuri cha kwanza nilichowahi kuwa nacho kilikuwa kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, na mpaka leo vitu vya namna hiyo sivipiti hivi hivi.

Nilichagua timu ndogo kuliko zote, iliyokuwa mkiani mwa ligi ya chini kabisa katika mji fulani wa Ulaya ambao jina lake siwezi kulitamka hata sasa. Niliipendea jezi: zambarau, kama joho la kwaya yetu. Timu yenyewe haikuweza kununua mchezaji yeyote wa maana, kwa hiyo ilibidi nitafute watoto na kuwakuza. Gemu lilikuwa na njia yake. Unatuma skauti nchi fulani, anakaa huko, kisha anakuletea ripoti. Kijana huyu anaweza kufika mbali. Kijana huyu hafai. Nyota nne. Nyota moja.

Sasa, skauti niliowajua mimi walikuwa wale wa shuleni, wenye kaptula za kaki, skafu shingoni na fimbo mkononi, waliopiga gwaride mbele ya chifu sikukuu za taifa. Sikuwa na sababu ya kufikiri kuna wengine. Niliamini kwamba watoto hao wa skafu, dunia nzima, kazi yao ya kweli ni kuwatazama wenzao kimyakimya na kupeleka nambari zao kwenye kompyuta. Gwaride lilikuwa la kuficha tu. Nikaanza kujichunga. Nikipita karibu na kiongozi wao, mvulana wa darasa la nane mwenye meno makubwa, nilitembea haraka ili kasi yangu isiandikwe chini. Nikitumwa maji nilipanda mlima mbio mbio nikiwa na mtungi mgongoni, kisha najifanya sihemi. Mwisho uvumilivu ulinishinda, nikamkabili nje ya jiko la shule.

"Umeandika nini kuhusu mimi?"

"Kuandika wapi?"

"Unajua."

Alinitazama, akamtazama mwenzake, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kushindwa na mtoto wa darasa la nne, "Wewe bado tunakuangalia."

Nilikula muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe siku hiyo kana kwamba ni pilau.

Sijui nilikuwa nimecheza misimu mingapi ya gemu nilipokumbuka kwamba naweza kutuma skauti Kenya. Alirudi na jina moja tu. Mutinda. Winga wa kulia, kijana, nyota moja. Maelezo yake yalikuwa mafupi kama ya mwalimu aliyechoka: hawezi kuisaidia timu.

"Anko!" nilipiga kelele. "Kuna mtu wetu hapa!"

Anko Musyoka alikuwa akikata picha za pasipoti. "Mtu wetu wa wapi?"

"Wa kwetu. Mutinda."

"Aa, Mutinda ni wengi," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi.

Nilimsajili siku hiyo hiyo. Nyinyi mliowahi kucheza gemu la aina hii mnajua kwamba kila mchezaji ana nambari mnazoziona na nyingine mliyofichwa, ile ya mahali anapoweza kufika. Skauti anakisia tu. Hilo nililielewa mapema kuliko nilivyoelewa kugawanya kwa desimali, na lilinifurahisha kwa njia ambayo sikuweza kumweleza mtu. Maana yake ni kwamba yeyote anayesema fulani hawezi, anakisia.

Mutinda alianza vibaya. Alipoteza mipira. Kisha gemu likaandika kwamba ameshindwa kuzoea, ana upweke, anakumbuka nyumbani. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Nilimwona mama huko Kiboko katika chumba chake cha kukodi, akipika peke yake, malori yakipita. Kocha mwingine angemtoa Mutinda kwenye timu. Mimi nilimtafutia mwenzake, mzee mmoja kutoka Uganda aliyekaribia kustaafu, asiye na kasi hata ya kukimbiza kuku, ili tu wawe na mtu wa kuongea naye wakati wa chakula. Ule upweke ukatoweka kwenye skrini. Nilijaribu kumwambia mama jambo hilo alipokuja Jumamosi, kwamba atafute mwenzake. Akaniuliza nimeyatoa wapi hayo. Nikasema, kwa Mutinda. Akafikiri ni mtoto wa darasani.

Kisha nikaanza kumtazama vizuri. Kile kitone chake kilipopoteza mpira mbele, kilirudi nyuma mbio kuliko vyote, kila mara, kama mtu aliyesahau mtoto jikoni. Skauti alikuwa amemwona akishambulia tu. Nikamrudisha nyuma, beki wa kulia. Nikampa mechi ndogo, nikampa kubwa, nikampeleka kwa timu nyingine msimu mmoja akapate kucheza kila wiki, akarudi mtu mzima. Nambari zake zikaanza kupanda moja moja, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye shimo lililochimbwa mchangani. Nikampa ukapteni. Tukapanda ligi, tukapanda tena.

Wavulana wa chumba cha nyuma walianza kuja kuchungulia. Siku timu moja kubwa ilipomtaka Mutinda, walisimama nyuma ya kiti changu wakinishauri wote kwa pamoja.

"Uza! Uza huyo ununue straika!"

"Siuzi."

"Wewe msichana, unajua nini na mpira?"

"Namjua Mutinda," nikasema, nikabonyeza kukataa.

Walicheka mpaka Anko akawafukuza. Sikujali. Nilikuwa nimemchukua mtu aliyekataliwa kwa maandishi, nikamfanya nguzo. Msichana wa umri ule akipata kitu kama hicho mkononi, kicheko cha wavulana ni kelele za nzi.

Likizo ilipokaribia nilimwomba Anko jambo moja. Nilimwomba, kabla hajanipeleka Kitui kwa mama mkubwa, anipitishe kwanza kwa kina Mutinda, popote walipo, nimsalimie mama yake na kumwambia kijana wake anaendelea vizuri, asiwe na wasiwasi.

Anko aliweka mkasi chini. Alivuta kiti akakaa karibu nami, jambo ambalo hakuwa akilifanya wateja wakiwapo.

"Mwende," akasema, "huyo Mutinda hayuko."

"Amekufa?"

"Hajazaliwa. Kompyuta ndiyo imemtunga. Inachukua jina hapa, umri pale, nambari kule, inachanganya kama mtu anakoroga uji. Hakuna mama yake. Hakuna mtu."

"Na yule mzee wa Uganda?"

"Hata yeye."

"Na skauti?"

"Hao pia."

Nililia, sitaficha. Nililia kama mtu aliyefiwa, na wateja wakauliza mtoto ana nini, Anko akasema ni jino. Lakini machozi yalipoisha kulibaki kitu kingine chini yake, kigumu. Nikafungua gemu tena. Nikapita timu baada ya timu, nchi baada ya nchi, nikisoma majina ya kwanza. Nilitafuta Mary. Nilitafuta Mumbua, Wanza, Fatuma, jina lolote la kike, hata kipa wa akiba. Hapakuwa na mmoja. Mwanzoni nilipokuwa nikiamini kwamba wote ni watu wa kweli, sikuwa nimeshangaa sana kutoona wasichana. Nilifikiri skauti hawajatufikia, barabara ya kupanda Mbooni ni mbaya. Sasa sikuwa na kisingizio cha barabara.

"Anko."

"Sasa ni nini?"

"Kama ni kutunga tu, kama wanaweza kumtunga yeyote wanayetaka, mbona hawakutunga hata msichana mmoja?"

Mteja aliingia kuchukua simu yake, akahudumiwa, akatoka. Anko akarudi, na namheshimu mpaka leo kwa sababu hakubuni jibu.

"Hiyo sasa sijui, Mwende," akasema.

Nilikwenda Kitui nikiwa na hasira hiyo kifuani kama kaa la moto. Mama mkubwa alikaa karibu na shule moja ya msingi, na ukisimama juu ya jiwe la kufulia uani kwake uliona uwanja wote. Siku ya pili nilisikia kelele nikapanda. Wasichana walikuwa wakicheza mpira. Wa miguu. Kulikuwa na goli lenye nyavu, na mwalimu wa kike mwenye filimbi. Upande wa kushoto alicheza msichana mwembamba aliyevaa hijabu, ncha zake amezichomeka ndani ya jezi, na alipopata mpira hakuna aliyemgusa.

Nilishuka kwenye jiwe nikakimbia hadi uwanjani. Walipopumzika, nilimfuata kwenye mfereji wa maji. Nilijua jina lake kwa sababu wenzake waliliita kwa kelele muda wote: Halima.

"Nani alikupata?" nikamwuliza.

Alikunywa kwanza, akafuta mdomo. "Kunipata? Kwani nilikuwa nimepotea?"

"Nani alisema ucheze?"

"Hakuna mtu. Nilikuja nikasema nataka kucheza. Mwalimu akasema timu imejaa. Nikarudi kesho yake. Akasema imejaa. Nikarudi tena." Aliinua mabega. "Alichoka kabla yangu."

Kisha filimbi ikalia akaniacha hapo, mdomo wazi, maji yakimwagika miguuni mwangu.

Niliporudi Kikima sikuwa tena na haja ya skauti wa skafu. Nilikuwa na macho. Nilianza kuwatazama wasichana wa shule yetu jinsi nilivyokitazama kile kitone cha Mutinda, si wakifanya kile walichoambiwa wafanye, bali wakifanya kingine. Ndanu, aliyekaa dawati la mbele yangu, alijulikana kwa kuchelewa na kulala darasani. Hakuna mwalimu aliyempa hata nyota nusu. Lakini nilimwona akipanda matuta ya shamba lao na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akiruka tuta hadi tuta bila kumwaga, na njiani alipiga kijiwe kimoja kwa mguu wa kushoto kutoka mtoni hadi lango la shule bila kukipoteza. Hakujua anafanya hivyo. Nilipomwambia, aliangalia mguu wake kama amepewa mpya.

Grace alikuwa mtoto wa mchungaji wetu, mrefu, mwenye aibu, mtu wa kusimama nyuma kwenye picha. Siku moja dirishani mwa jiko la shule mpishi aliangusha kikombe. Grace alikuwa akiongea na mtu mwingine, akanyoosha mkono bila hata kugeuka akakidaka. Nilingoja amalize mazungumzo yake.

"Unataka kuwa kipa?"

"Mami ataniua."

"Sijakuuliza kuhusu mami."

Alicheka, na nikajua nimempata.

Tulifika kumi na mmoja, na wawili wa akiba. Tulicheza mtoni, kwenye mchanga mkavu, Jumamosi tulipotumwa maji, mitungi ikiwa ndiyo magoli. Mpira wetu ulikuwa wa voliboli uliotoboka ambao Anko aliokota mahali, tukaujaza matambara. Mchanga ni mwalimu mkali. Ukizoea kukimbia mchangani, ardhi ngumu inakuwa kama unasukumwa. Nilimweka Ndanu beki, akashindwa. Nikamweka kati, akapotea. Nikamweka kushoto mbele, na hapo akawaka. Kuna msichana aliyesema yeye hajui chochote. Nikamwambia, aliyekuambia alikuwa anakisia.

Tukaenda kwa Mwalimu Kilonzo, mwalimu wa michezo. Tulimkuta akipanga kikosi cha wavulana kwa mashindano ya zoni.

"Wasichana ni netiboli," akasema.

"Tunataka mpira, mwalimu," nikasema. "Kitui wasichana wanacheza."

"Kitui ni Kitui. Hapa hakuna msichana anayejua mpira. Nimefundisha shule hii miaka mingi, sijaona hata mmoja."

"Umetazama wapi, mwalimu?"

Wenzangu walivuta pumzi. Siku hiyo, kwa adhabu, niling'oa kisiki nyuma ya vyoo mpaka viganja vikachubuka, lakini sikuwahi kulijutia swali hilo, na mkitaka kujua, hadi leo nalisubiria jibu. Kesho yake tulirudi. Akasema hapana. Tukarudi tena. Akatufungia mlango wa ofisi.

Siku ya mashindano, Mama Mchungaji, mama yake Grace, alikuwa Machakos kwenye mkutano wa akina mama, na wavulana walipanda lori na Mwalimu Kilonzo. Sisi tulikwenda kwa miguu. Kila mmoja alivaa alichopata: kaptula za kaka zetu, fulana za kampeni, na Grace suruali ya kulalia ya baba yake iliyofungwa kwa kamba. Tulipofika, timu za wasichana zilikuwa zimejipanga, na moja ilikuwa imesimama bila mpinzani, kwa sababu waliopaswa kucheza nao hawakutokea. Mwalimu wa kike aliyesimamia mechi hizo alitutazama kuanzia vichwa hadi miguu mitupu.

"Nyinyi ni wa shule gani?"

Nikamwambia. Akageuka akamwita Mwalimu Kilonzo kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. "Mwalimu! Hawa watoto ni wako?"

Watu wote waligeuka. Mwalimu Kilonzo alikuja polepole, kofia mkononi. Alitutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi nilimtazama pia. Sikushusha macho. Angeweza kusema hapana. Naamini neno hilo lilifika mdomoni, maana alimeza kitu.

"Ni wa shule yangu," akasema. Kisha, akiivaa kofia yake, "Wana njaa ya mpira, hao."

Tulifungwa tano. Nataka kulisema wazi kwa sababu watu hupenda hadithi ambazo wanyonge wanashinda, na sisi hatukushinda. Wenzetu walikuwa na viatu, walikuwa na kocha aliyezaliwa kabla yao, walijua maana ya mpira wa kona. Mpira halisi ulitusumbua. Uliruka, wetu haukuwahi kuruka. Lakini Grace alijirusha siku hiyo kama mtu anayezima moto. Alizuia kwa mikono, kwa magoti, kwa uso. Watu waliokuja kucheka walianza kukaa chini ili waone vizuri.

Na karibu na mwisho mpira ulinijia katikati. Sikuwa na kasi wala nguvu, kama kuna mtu angeniandika nambari zangu zingekuwa za huruma. Lakini nilijua Ndanu yuko wapi. Nilijua bila kutazama, kwa sababu nilikuwa nimemtazama miezi. Niliupeleka mpira kushoto, mahali pasipo na mtu, na kufumba na kufumbua palikuwa na mtu. Ndanu alimpita wa kwanza kama tuta, akampita wa pili, akapiga kwa mguu ule ule wa kijiwe. Kelele iliyotoka uwanjani niliisikia tumboni. Mwalimu Kilonzo alitupa kofia juu, kisha akakumbuka yeye ni nani, akaiokota.

Siku hizi nikisimulia haya, kuna mtu huuliza, sasa mlifika wapi? Ananisubiri nitaje timu ya taifa. Ndanu ana shamba la maembe na watoto watatu na goti linalouma mvua ikikaribia. Grace ni muuguzi. Mimi nauza vifaa vya shule. Shule yetu imekuwa na timu ya wasichana tangu mwaka uliofuata, na Mwalimu Kilonzo mwenyewe ndiye aliyekuwa akitukimbiza mlimani akiwa na filimbi. Mtu anayeona hiyo si safari, huyo simlazimishi kupanda.

Mama alikuja kutoka Kiboko Jumamosi iliyofuata mechi. Nilijua atakuwa amesikia. Kikima habari haikosi miguu. Nilimpa maji ya kunawa nikingoja kiboko. Akaniuliza tulifungwa ngapi, nikasema. Akauliza nani alifunga letu, nikasema ni Ndanu.

"Na nani alimpa?"

"Mimi, Mwaitu," nikasema, kwa neno letu la mama.

Alinawa uso muda mrefu.

Jumapili baada ya ibada, waumini walikuwa bado wamepanga mstari wa kusalimiana nje ya kanisa, kwaya ndani ya majoho ya zambarau, wazee, watoto, kila mtu. Mama Mchungaji alikuwa amerudi kutoka Machakos. Alimshika mama mkono na hakuuachilia.

"Mama Mwende, Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi nilikuwa safarini, lakini nimerudi nikakuta mambo. Ati msichana wako alitoa wasichana wa watu mpaka uwanjani, wakakimbia na kaptula mbele ya wanaume, halafu wakafungwa tano. Aibu mbili siku moja!"

Nilimwona mama akiangalia viatu vyake vya kanisani, maana mama hakuwa mtu wa maneno mbele za watu. Kisha akainua uso.

"Hata mimi nimesikia," akasema. "Nimesikia pia walifunga moja, na mtoto wangu ndiye alitoa pasi. Na nimesikia zile tano zingekuwa kumi na tano, kama si kipa."

"Kipa gani?"

Mama aliitazama kwaya. Kwaya ilianza kuachana katikati, mtu akisogea huku, mwingine akisogea kule, mpaka Grace akabaki amesimama peke yake ndani ya joho, na alama ya mpira bado haijapona kwenye shavu.

"Ni mimi, mami," akasema. Na hakurudi nyuma.

Mama Mchungaji alimtazama binti yake. Alitazama lile shavu. Mkono wa mama yangu bado ulikuwa mkononi mwake.

"Kumi na tano?" akauliza polepole.

"Zaidi," nikasema mimi.